Ukitaka kwenda Devil's Lake kupanda miamba, kuogelea na kulala kwenye hema, fanya hivi

Mara ya kwanza tulipoenda Devil's Lake, ziwa na hifadhi iliyopo Wisconsin, Marekani, tulifanya kila kitu kinyume. Tulitoka Milwaukee saa nne asubuhi, Jumamosi ya Julai, watu wazima wanne na watoto watano, gari mbili, pilau kwenye hotipoti, tukafika saa sita na kitu tukakuta foleni ya magari, tukazunguka kutafuta pa kupaki mpaka pilau likapoa, na tulipopata ilikuwa mbali na maji kiasi kwamba wifi yangu akasema bora tungekaa zetu Lake Michigan palepale mjini. Mwaka uliofuata tukaenda Jumanne, tukalala siku mbili, na mpaka leo watoto wananiuliza tunarudi lini. Hatukutumia hela nyingi zaidi wala hatukuwa na miguu mipya, tulijua tu siku gani twende, saa ngapi, na tuingilie upande gani. Kwahiyo nawaandikia wadau mlioko Wisconsin, Illinois na Minnesota ambao kila kiangazi mnasema "tutaenda" alafu hamuendi.

Kabla ya yote, jina. Shangazi yangu alivosikia ni Ziwa la Shetani akasema yeye hakanyagi, tumuache nyumbani na tamthilia zake. Shangazi, wenyewe wenyeji wa pale, Waho-Chunk, wanaliita Tee Wakącąk, yani ziwa takatifu, ziwa lenye roho. Wazungu walipokuja kutafsiri ndo likawa la shetani. Mtu aliyekulia pwani hii kitu wala haimpi shida, nani asiyejua sehemu ambayo wazee wanakwambia ukipita hapo punguza makelele? Na kuna matuta ya udongo yaliyotengenezwa na watu wa zamani hizo kama miaka elfu moja iliyopita, ukiyaangalia vizuri moja lina umbo la dubu, lingine la ndege. Waambie watoto wasipande juu yake, yale siyo vilima vya kuchezea.

Pia jua hii ni hifadhi ya jimbo, siyo ya taifa, iko chini ya idara ya maliasili ya Wisconsin (DNR) na ipo tangu 1911. Usitegemee Mikumi. Hakuna twiga, hakuna gari la kutembeza wageni, hakuna mtu anakuongoza. Unajipeleka mwenyewe, unasoma vibao, unarudi salama au hurudi salama, juu yako.

HATUA YA KWANZA, CHAGUA SIKU

Hapa ndo wengi tunakosea. Pale wanaingia watu mamilioni kwa mwaka, na karibu wote wanataka kuja Jumamosi na Jumapili kati ya Juni na Agosti pamoja na zile wikiendi za Oktoba majani yakibadilika rangi. Nenda kati ya Jumatatu na Alhamisi. Najua kazi hairuhusu, lakini chukua ofu moja tu, kama kweli unaipenda familia yako chukua ofu. Ikishindikana kabisa basi Jumamosi uwe getini kabla ya saa tatu asubuhi, geti linafunguliwa saa kumi na mbili, wenzetu saa moja wapo wameshapaki na kiti wameshakunjua. Hii habari ya kwetu ya "tunatoka saa mbili" alafu saa nne ndo mtu anaoga haifanyi kazi hapa.

Mwezi: kama unataka kuogelea ni katikati ya Julai mpaka mwisho wa Agosti. Juni maji bado yana baridi ya kukukata pumzi. Kama shida yako ni kutembea tu na picha, katikati ya Oktoba hakuna mfano.

HATUA YA PILI, BUKU SEHEMU YA KULALA MAPEMA KULIKO UNAVYODHANI

Unabuku kwenye mtandao wa jimbo unaoitwa Wisconsin Going To Camp, na wanaruhusu kubuku miezi 11 kabla. Siyo utani, watu tarehe yao ya Julai ya mwakani wameshaishika Agosti hii. Viwanja vya kuweka hema vipo zaidi ya 400 lakini wikiendi za kiangazi vinaisha vyote. Ukikosa usikate tamaa, watu huwa wanaghairi, uwe unachungulia mara kwa mara hasa hizo siku chache kabla ya tarehe, sisi ile Jumanne tuliipata hivohivo.

Kempu ziko tatu. Quartzite iko karibu zaidi na maji upande wa kaskazini, ni uwazi, kivuli kidogo, unaona majirani zako wote wanakula nini. Northern Lights ipo jirani yake, na miti inaanza kuonekana. Ice Age ndo ipo mbali na ziwa, lakini ina msitu mzuri na unajisikia kweli umelala porini. Ukiwa na watoto wadogo chukua Quartzite, ukitaka utulivu chukua Ice Age alafu kubali kuwasha gari ukitaka kwenda kuogelea.

Kitu cha kuangalia: kiwanja kimoja ni cha familia moja, au kama siyo familia basi watu wasiozidi 6. Sasa sisi tukisema familia tunamaanisha na binamu na rafiki wa binamu na jirani aliyetupa lifti, wao hawamaanishi hivo. Mkiwa ukoo, bukuni viwanja viwili vinavyopakana mapema, msije mkajazana kumi na moja kwenye kimoja alafu ranja akaja usiku na tochi kuwahesabu kama abiria wa daladala.

HATUA YA TATU, STIKA YA GARI

Hii inachanganya watu. Hela uliyolipa ya kulala haijumuishi gari. Gari lazima liwe na stika, ya siku moja au ya mwaka, na plate namba ya nje ya Wisconsin inalipa zaidi, kwahiyo kama mnatoka Chicago na mna ndugu Milwaukee mwenye gari kubwa, ongeeni naye vizuri. Kumbuka na hili, kwenye hifadhi za kwetu Tanzania unalipa kwa kichwa, hapa linalipa gari. Gari la watu saba bei moja na gari la mtu mmoja. Jazeni gari. Kama unajua utaenda zaidi ya mara mbili tatu kwa mwaka piga hesabu ya stika ya mwaka, inaingia hifadhi zote za jimbo.

HATUA YA NNE, UFUNGASHAJI

Sitaandika kila kitu, una akili zako. Nitasema tu vile tulivyovisahau na tukajuta.

Viatu. Yale mawe ni kwatzaiti, yana rangi ya pinki na zambarau, mazuri sana lakini yakilowa ni kama umepaka sabuni. Ndala ziache za kwenda bafuni. Nilimuona dada mmoja anapanda na dera, kila ngazi anakanyaga pindo, nusu saa baadae kalifunga kiunoni, moyo ulikuwa unanidunda mimi niliye nyuma yake. Vaa suruali au leginzi hata chini ya gauni.

Blanketi au slipingi begi ya maana. Mchana wa Juni unatoka jasho alafu usiku inashuka mpaka kama nyuzi 10, na baridi haikufuati kutoka juu, inakufuata kutoka chini ardhini, kwahiyo godoro la upepo peke yake halitoshi, tandika kitu katikati. Turubai la kuweka chini ya hema. Tochi ya kichwani kwa kila mtu mzima, siyo simu. Dawa ya mbu yenye DEET. Kibano kidogo kile cha nyusi, ntakwambia baadae cha nini. Kopo, unajua la nini, vyoo vipo lakini wao ni watu wa karatasi. Mkeka. Na hema lifungueni kwanza nyumbani, mjue linasimamaje, msije mkajifunzia kule giza limeingia na mke kanuna.

Kuni usibebe kutoka nyumbani. Sheria yao kuni zitoke ndani ya maili 10 au ziwe zile zenye muhuri wa kuthibitishwa, kwasababu kuna mdudu wa kijani anayekula miti ya mi-ash, Wisconsin ameonekana tangu 2008 na anasafiri humohumo kwenye kuni za watu. Nunua palepale.

HATUA YA TANO, SIKU YA KUPANDA

Kutoka Madison hufiki hata saa moja, Milwaukee masaa mawili hivi, Chicago matatu na zaidi kidogo. Mji wa jirani ni Baraboo. Ukiweka kwenye ramani usiandike tu Devil's Lake, chagua South Shore au North Shore, maana ni mageti mawili na kuzunguka kutoka moja kwenda lingine kwa gari ni safari. Na ramani idaunlodi kabla, kule bondeni mtandao unakatikakatika.

Mimi naanzia kusini. Unapaki, unaelekea mashariki, unavuka reli (ndio, reli, treni la mizigo linapita kandokando ya ziwa, kwahiyo shika mikono ya watoto), na mbele yako unaona ukuta wa mawe unaopanda. Hiyo ndo njia ya Balanced Rock. Ni fupi, haifiki hata nusu maili, lakini ni ngazi za mawe tupu, na kilele kipo kama mita 150 juu ya maji. Ngazi nyingi za kule zilipangwa na vijana wa serikali miaka ya 1930 kipindi ajira zimekufa Marekani, kwa mikono, na bado zimekaa. Pumzika unapotaka, hakuna anayekupa medali. Jiwe lenyewe utalikuta karibu na juu, limekaa kwa ncha kama limewekwa na mtu mwenye utani.

Kwanini nasema panda hii na usishuke nayo? Magoti. Mara ya kwanza tulishuka nayo na kesho yake nilikuwa nashuka ngazi za nyumba kinyumenyume. Panda kwenye mwinuko mkali ukiwa na nguvu, shuka kwa upole upande wa pili.

Ukifika juu kata kulia kidogo uone Devil's Doorway, mawe yamejipanga kama fremu ya mlango na ziwa lote lipo chini yako. Hapo kila mtu atataka picha. Sikia: juu kule hakuna uzio. Hakuna kamba, hakuna ukuta, ni jiwe alafu hewa. Mtoto wa chini ya miaka kumi asiachwe mkono, na wewe mtu mzima usirudi nyuma huku unaangalia simu eti "subiri tuenee wote". Watu wanaanguka pale kweli.

Alafu rudi ufuate njia ya East Bluff kuelekea kaskazini, inashuka taratibu kwenye miti. Humo njiani angalia mawe ya kukanyaga, sehemu nyingine utaona mistari ya mikunjomikunjo imeganda kwenye jiwe. Mimi mtoto wa Tanga niliijua hapohapo, ni ile mikunjo unayoiona kwenye mchanga maji yakishakupwa. Na ndo yenyewe, yale mawe yalikuwa mchanga wa ufukweni zaidi ya miaka bilioni moja na nusu iliyopita, yakashindiliwa yakawa jiwe na alama za mawimbi zikabaki. Nilikaa pale nikaangalia mpaka wakaniacha. Huko mbele kuna pango na jiwe wanaloliita la Tembo, watoto walikimbia wakidhani watamuona kweli.

Ukishuka unatokea North Shore, kuna duka la vyakula, kuna nyasi, watu wanachoma nyama. Pumzikeni. Alafu mrudi kusini kwa njia ya Tumbled Rocks upande wa magharibi, ni kama maili moja tu na haina mlima, unapita kandokando ya maji katikati ya mawe makubwa kama matangi ya maji yaliyoporomoka kutoka juu. Mzunguko mzima wa ziwa ni kama maili 5, sisi na watoto na kusimamasimama ilituchukua masaa manne. Anza saa mbili, mchana uwe kwenye maji. Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa mtu mzima, juu kule hakuna bomba.

Mwenye mama mzee au mjamzito, kuna njia ya Grottos chini ya mwamba upande wa kusini, ni tambarare karibu yote, wanaona yote ya maana na hawaumii.

HATUA YA SITA, KUOGELEA, NA HAPA NISIKILIZE VIZURI

Sisi watu wa pwani tuna kiburi cha maji. Mtu kakulia Raskazone, ufukweni Tanga, anaona ziwa ni bafu. Ndugu yangu, maji ya ziwa hayakubebi kama ya chumvi, mwili unazama kidogo zaidi na unachoka haraka, mimi mwenyewe nilishangaa. Pili, yale maji juu ni ya vuguvugu Julai lakini ukipiga mbizi kidogo unakutana na tabaka la baridi kama umefungua friji, pumzi inakatika. Kule katikati kina kinafika kama mita 14. Na tatu, kubwa kuliko yote: hakuna walinzi wa kuokoa watu. Kaskazini hakuna, kusini hakuna. Ukimuona kijana amekaa na miwani kwenye kiti kirefu ni mtalii mwenzako.

Kwahiyo kaeni ndani ya maboya. Mtoto asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea, lile lenye muhuri wa Coast Guard, yale maboya ya mikononi ya kupuliza na mabata ya plastiki ni toi. Na mpange zamu, mtu mzima mmoja kazi yake ni kuangalia maji tu, hapigi stori, hachomi mishkaki, hashiki simu, dakika 20 anampokeza mwingine. Radi ikisikika hata kwa mbali, wote nje.

Ukiacha hayo, ni raha. Ziwa halina mto unaotoka, barafu kubwa ya zamani ilijaza mawe na udongo pande zote mbili za bonde, maji yakabaki humo katikati, ni masafi mpaka watu wanakuja kupiga mbizi na mitungi. Boti za injini ya petroli haziruhusiwi, kwahiyo hakuna kelele wala harufu. Dada zetu wanaovaa burkini, hakuna aliyewauliza kitu, wameogelea zao wakatoka.

Pwani zote mbili zina mchanga. Kusini naona kunapoa mapema jioni kivuli cha mwamba kikianguka, kaskazini kuna huduma zaidi. Beba mfuko wa taka urudi nao, usitafute pipa.

HATUA YA SABA, USIKU

Simamisha hema kukiwa bado na mwanga. Moto uwashwe kwenye lile duara la chuma tu. Tulisonga ugali kwenye moto wa kuni, sufuria likawa jeusi lakini nilishalipaka sabuni ya maji kwa nje kabla, huo ujanja wa bibi yangu, masizi yanatoka kwa kuosha tu. Mahindi mnachoma hapohapo.

Chakula usikiache nje, wala ndani ya hema. Kuna rakuni, mnyama kama paka mnene mwenye barakoa usoni na vidole vya mwizi. Usiku wa kwanza tuliweka kuleboksi nje tukiamini imefungwa, asubuhi tukakuta mkate wote umekwenda na mishkaki imebaki vijiti. Kila kitu ndani ya gari, hata dawa ya meno.

Saa tano usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni ukimya. Na wanamaanisha. Shemeji yangu aliweka spika ndogo na taarabu, dakika kumi tu ranja kafika, kwa upole lakini kafika. Cha kuchekesha, ukimya huo haulihusu treni, linapita usiku na honi yake. Beba pamba za masikio kama usingizi wako mwepesi.

HATUA YA NANE, UKAGUZI WA KUPE

Kila jioni na kila asubuhi. Kule kuna kupe wadogo, wengine kama mbegu ya ufuta, wanaoweza kukupa ugonjwa wa Lyme. Angalia nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio, kwenye nywele za watoto hasa waliosukwa, pitisha vidole kwenye mistari. Ukimkuta kashika, chukua kile kibano, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja taratibu bila kuzungusha. Usimchome na kiberiti, usimpake mafuta ya taa, hayo ya kwetu kwa ng'ombe yaache. Ukiona baada ya siku kadhaa duara jekundu linapanuka, au homa, nenda hospitali useme ulikuwa msituni Wisconsin.

Na kuna mmea wa majani matatumatatu pembeni ya njia, wenyewe wanauita poison ivy, mimi nauita upupu wa kizungu ila huu vipele vyake vinakaa wiki mbili. Usitoke nje ya njia kwenda kujisaidia, utakuja kunikumbuka.

SIKU YA KUONDOKA

Zima moto kwa maji mpaka majivu yashikike na mkono. Kama mna muda piteni Baraboo, ndo nyumbani kwa ndugu wa Ringling waliokuwa na ile sarakasi maarufu, kuna makumbusho yake, Circus World, na watoto waliodanganywa na Jiwe la Tembo watafidiwa.

Hema lazima litakuwa limelowa umande. Mtalikunja hivohivo kwasababu mna haraka, sawa, lakini mkifika nyumbani usiku huohuo litandazeni hata juu ya makochi, sisi letu tulilisahau kwenye buti ya gari wiki mbili Julai, na harufu iliyotoka humo shangazi alisema ndo huyo shetani mwenyewe mmerudi naye.